Waya wa Chumbani kwa Mama

Kwa mwaka mmoja na nusu mama yangu aliangalia televisheni bila rimoti. Rimoti ilikuwepo, lakini ilikaa sebuleni mikononi mwa wanangu, na yeye alikuwa chumbani kwake, kuta mbili mbele. Walichoweka wao ndicho alichokiona yeye. Mimi nilijiona nimemfanyia jema. Naandika haya kwa sababu najua nyumba nyingi zina waya kama ule wa kutoka sebuleni hadi TV ya chumbani, umepitishwa juu ya dari au chini ya zulia, na mwisho wa waya yuko mtu mzima kitandani anaangalia katuni.

Televisheni yenyewe ilikuwa chogo la inchi 14, zile za zamani zenye mgongo mrefu. Marehemu baba alilinunua miaka michache baada ya kituo cha ITV kuanza. Huku Tanzania Bara tulichelewa sana: Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi tukasubiri hadi 1994. Kwa hiyo chogo lilipoingia nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam, lilipokewa kama mgeni wa heshima, na antena ikafungwa kwenye mlingoti wa bomba nyuma ya nyumba. Baba anazungusha bomba, mama amesimama dirishani anapaza sauti: "Rudisha! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Majirani wa umri wangu watakumbuka. Kila mtaa ulikuwa na sauti hiyo jioni.

Zama zile kuweka televisheni chumba cha pili ilikuwa kazi ya nusu saa. Baba aliponunua TV kubwa ya sebuleni, chogo lilihamia chumbani kwao. Fundi alikata waya wa antena, akatia splita ya njia mbili, waya mmoja ukaenda sebuleni na mwingine chumbani. Basi. Kila televisheni ilikuwa na uwezo wake wa kutafuta stesheni, kwa hiyo baba aliangalia mpira huku, mama akaangalia mambo yake kule, wala hawakugombana. Splita ile inagawa nguvu ya mawimbi nusu kwa nusu, hivyo chenga ziliongezeka kidogo kwenye kioo. Hakuna aliyejali chenga. Chenga zilikuwa sehemu ya televisheni.

Kisha ikaja tarehe 31 Desemba 2012, siku mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Asubuhi ya mwaka mpya chogo la mama liliwaka kama kawaida, likatoa mvumo na chenga tupu, stesheni zote. Halikuwa limeharibika. Kioo kizima, spika nzima. Ila mawimbi yaliyokuwa yakipita juu ya bati letu yalikuwa yamebadilika lugha. Kwenye analojia kila stesheni ilikuwa na njia yake hewani. Kwenye dijitali stesheni nyingi zinafungwa pamoja kama mzigo kwenye wimbi moja, na lazima pawe na mtu wa kuufungua ule mzigo na kuchagua. Mtu huyo ndiye king'amuzi. Nalipenda sana neno hili. Kung'amua ni kulitambua jambo lililofichika, na aliyekiita kisanduku kile king'amuzi alikijua barabara.

Lakini king'amuzi cha kawaida kinang'amua jambo moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo tofauti yote ilipo, na ilinichukua miaka kuielewa. Zamani chaguo lilikuwa ndani ya kila televisheni. Sasa chaguo limehamia kwenye kisanduku, na nyumba yenye kisanduku kimoja ina chaguo moja hata ikiwa na televisheni tano.

Tulinunua kimoja, cha antena, kikawekwa sebuleni. Chogo la chumbani likafunikwa kitambaa cha kufuma, likawekewa chombo cha maua ya plastiki juu. Mama hakulalamika. Kila jioni alikuja sebuleni na khanga yake begani, akakaa kwenye kiti kile kile karibu na mlango, akaangalia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ikiisha akaaga. Baadaye, kwa ajili ya ligi ya nyumbani, niliweka dishi. King'amuzi cha dishi kikachukua nafasi ya mwenzake, na kile cha antena nikakirudisha kwenye boksi lake, nikakiweka juu ya kabati. Kikumbukeni hicho.

Mwishoni mwa 2015 mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali, safari ya kutoka kitandani hadi sebuleni ikawa ya watu wawili na kilio. Tukaacha kumsumbua. Ndipo nikamwita fundi.

Fundi alipima, akasema mita 18. Nyuma ya king'amuzi kuna tundu la HDMI lililokuwa likilisha TV ya sebuleni, na kando yake matundu ya AV, yale ya rangi: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Yote yanatoa kwa wakati mmoja. Waya wa AV wa dukani ni mfupi, haufiki popote, kwa hiyo alichukua waya wa antena, ule mnene wenye shaba katikati na wavu wa nyuzi kuzunguka, akaunganisha vichwa vya AV huku na huku, mmoja wa picha, mwingine wa sauti. Akaupitisha juu ya dari. Mbele ya chogo kulikuwa na matundu ya njano na nyeupe, akachomeka, na picha ikaja. Rangi zilikuwa zimefifia kidogo na sauti ilikuwa na mvumo wa mbali, lakini mama alishika shavu akasema, "Kumbe bado zima!" Siku hiyo nililala na moyo mweupe.

Sikuwahi kukaa chumbani kwa mama na kuangalia ile TV. Hili ndilo kosa langu. Niliingia, nikamsalimia, nikauliza kama amekula na kama amekunywa dawa, nikaona kioo kinawaka, nikatoka.

Mwaka 2017, usiku wa kusubiri mwezi wa Shawwal, mpwa wangu anayelala chumbani kwa mama alikuwa amesafiri, nikatandika godoro chini nilale humo mimi. Mama alikuwa ameegemea mito, macho kwenye chogo. Taarifa ya habari ilikuwa inakaribia mwisho na kila mtu mjini alikuwa anangoja jambo moja: mwezi umeonekana, au tunatimiza thelathini? Mtangazaji akasema baada ya muda mfupi wataungana na wenzao kwa taarifa kuhusu mwandamo. Na hapo hapo, kofi! Kioo kikaruka, likatokea katuni la panya na paka. Nikaruka na mimi. Mama hakushtuka hata kidogo. Alishusha macho, akachukua redio yake ndogo chini ya mto, akaanza kutafuta stesheni taratibu, kwa kidole gumba, kama mtu aliyefanya hivyo mara mia.

"Mama, huwa inakuwa hivi?"

"Waache watoto waone, baba. Mwezi tutaujua tu, watu watapiga simu."

Nilikaa pale pale kwenye godoro. Katuni iliendelea, ikabadilishwa ikawa mpira wa zamani, ikabadilishwa ikawa muziki, ikarudi katuni. Ukiwa sebuleni, kubadilisha chaneli ni jambo dogo, unajua kwa nini imebadilika, umemwona aliyeshika rimoti, umesikia wakibishana. Ukiwa chumbani hujui lolote. Kioo kinakurukia. Kitu ulichokuwa unakifuata kinakatwa katikati ya neno na hakuna wa kumuuliza. Niliangalia kwa dakika arobaini nikachoka. Yeye alikuwa ameangalia hivyo kwa mwaka na nusu.

Nikaamua mama apate chaguo lake. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya mtu mwenye hatia, nilinunua king'amuzi cha pili cha dishi, na kadi yake, na kifurushi chake, nikamwita fundi mwingine. Naye akafanya kilekile alichofanya fundi wa baba miaka ya tisini: akakata waya unaotoka kwenye dishi, akatia splita, waya mmoja huku, mmoja kule. Tulipojaribu, vyote viwili vilionyesha. Akalipwa, akaondoka.

Usiku tukaanza kuona vituko. Mama anaangalia chaneli yake vizuri, sebuleni wakihama kwenda chaneli fulani, ya mama inapotea. Wakirudi walikokuwa, inarudi. Chaneli nyingine hazikuathirika kabisa. Nikapanda juu ya bati mara tatu kukaza vichwa vya waya, nikasukuma dishi hadi nikaliharibu mwelekeo. Kwa siku nne nyumba nzima haikuona kitu.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa mtaa wa pili, fundi wa redio tangu enzi za redio za mbao. Alipoiona splita alitikisa kichwa, akanieleza kwa utulivu, na maelezo yake nayatoa hapa kwa sababu nimeona watu wengi wakipoteza fedha kwa jambo hili hili. Kile kichwa kilicho mbele ya dishi, LNB, hakipokei tu kama antena. Kinapewa umeme na king'amuzi kupitia waya ule ule, na umeme huo ndio amri. Mawimbi ya setilaiti yanakuja kwa mikao miwili, mengine yamesimama, mengine yamelala. King'amuzi kikitaka yaliyosimama kinapeleka volti 13. Kikitaka yaliyolala kinapeleka volti 18. LNB yenye mdomo mmoja inatii amri moja tu. Ukiunganisha ving'amuzi viwili kwa splita, kimoja kinasema simama, kingine kinasema lala, na aliyetuma volti nyingi ndiye anayesikilizwa. Sebuleni wakienda kwenye chaneli za mawimbi yaliyolala, mama aliyekuwa kwenye yaliyosimama anakosa. Yaani nilinunua kisanduku kizima, na bado sebule ilikuwa ikimtawala mama, safari hii kwa volti.

"Dawa yake ni LNB ya midomo miwili," mzee akasema, "na waya mpya kutoka juu hadi chumbani. Kila king'amuzi na mdomo wake. Inakubali vizuri." Kisha akanyamaza, akaangalia mlango wa chumba cha mama. "Lakini mama mwenyewe anataka kuona nini?"

Sikuwa na jibu. Tukaingia. Mzee akampa shikamoo, maana mama alimzidi umri, wakaulizana hali na habari za watoto. Kisha akamuuliza. Mama akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa na jibu tayari siku nyingi: taarifa ya habari ya saa mbili, mawaidha ya Ramadhani, mwezi ukiandama, na Bunge likikaa, anapenda kuwasikia wabunge wa Tanga kwao. Basi. Hayo tu. Hakutaka chaneli mia. Mambo yake yote manne yalikuwa kwenye chaneli za bure za hapa nyumbani, zile ambazo king'amuzi cha antena kinazionyesha hata kifurushi kikiisha.

Na king'amuzi cha antena kilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake, na vumbi la miaka mitatu.

Mlingoti wa baba ulikuwa bado umesimama. Antena yake ilikuwa ya UHF, ile yenye vijiti vifupi vilivyopangwa kama mifupa ya samaki. Mitaani wakati wa mabadiliko watu walikuwa wakiuziwa "antena za dijitali", wakatupa walizokuwa nazo, wakati chuma hakijui dijitali wala analojia. Kama ni ya UHF na iko kwenye masafa yanayotumika, inapokea. Mzee alibadilisha waya tu, maana ule wa zamani ulikuwa umeingia maji na shaba yake imekuwa nyeusi, akaweka mpya wa RG6, aina ya waya mnene wa antena. Akaelekeza antena huku mimi nimesimama dirishani. Tofauti na zamani hakukuwa na chenga za kutuongoza. Dijitali inakupa picha safi kama maji, au inaganda, au inakwambia hakuna kitu, katikati hakuna. Kwa hiyo tulifungua ukurasa wa nguvu ya mawimbi kwenye king'amuzi, nikawa namsomea asilimia. Mama akacheka kitandani. "Rudisha kidogo!" akasema. "Hapo hapo, usiguse!"

Kilichobaki ni rimoti. Ile rimoti ina vitufe zaidi ya arobaini, na kidole cha mama kikigusa kimoja asichokijua, kioo kinajaa maandishi ya Kiingereza na yeye anabaki ameiinua mkononi anamngoja mtu. Nikachukua plasta ya hospitali nikaziba vyote nikaacha vitano: cha kuwasha, viwili vya sauti, viwili vya chaneli. Nikazifuta kwenye orodha chaneli asizozitaka, zikabaki sita. Kama una mzazi nyumbani, fanya hivi leo. Kazi ya plasta ilimpa mama uhuru kuliko waya wa mita 18.

Kuna wanaosema televisheni ya pili inavunja nyumba, kila mtu anajifungia kwake. Nimelifikiria sana, na kwa vijana wenye afya nakubaliana nao nusu. Wanangu nimewakatalia TV chumbani hadi leo. Lakini mtu asiyeweza kutembea ameshatengwa na sebule kabla hujamwekea chochote. Swali lake ni jingine.

Halafu ilitokea jambo ambalo sikulitarajia. Agosti 2018 chaneli nyingi za bure za hapa nchini ziliondolewa kwenye vifurushi vya kulipia vya ving'amuzi vya dishi. Jioni moja sebuleni tukatafuta taarifa ya habari tuliyoizoea, hatukuipata. Kimya. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya mtangazaji. Mke wangu akanitazama, tukaenda. Watoto wakafuata. Tangu siku hiyo, saa mbili usiku nyumba yetu ilihamia chumbani kwa mama: mimi kwenye kiti cha plastiki, mke wangu mwisho wa kitanda, watoto chini kwenye mkeka, na mama ameegemea mito yake na rimoti yenye plasta juu ya paja. Mtoto akiomba mtu aweke chaneli nyingine, mama anasema, "Ngoja hali ya hewa iishe." Na tunangoja.

Usiku wa tarehe 17 Machi 2021 tulikuwa tumeshamaliza habari, tumerudi sebuleni, tunaangalia tamthilia. Watoto wamelala. Mama mara nyingi alilala mapema, lakini wiki ile kila mtu alikuwa na masikio yaliyosimama. Tukasikia anaita. Hakuita kwa nguvu. Aliita jina langu mara moja, jina langu kamili, ambalo hulitumia mara chache mno. Nilidhani ameanguka. Nilipofika mlangoni niliona mwanga wa kioo usoni mwake, na kwenye TBC, televisheni ya taifa, alikuwa Mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, anasoma taratibu kwamba Rais Magufuli amefariki. Mama akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akasogea kwa taabu kidogo ukutani, akapiga shuka kwa kiganja, nikae. Sebuleni tamthilia ilikuwa bado inaendelea peke yake, mtu fulani anacheka, hadi mke wangu alipokwenda kuizima.

Hatukulala. Baadaye muziki wa maombolezo ukawa unapigwa na yeye akawa ndiye anayetuhadithia, habari za misiba ya taifa ya zamani, jinsi walivyozipata kwa redio ya jirani.

Chogo lilikufa mwaka uliofuata, kioo kilipiga mstari mmoja mweupe kisha giza. Nikamnunulia TV ya flat ya inchi 32, king'amuzi ni kile kile, plasta nimeibadilisha mara mbili.

Mei iliyopita nikiwa kazini, saa tano asubuhi, simu yangu ililia. Ilikuwa namba ya mpwa wangu lakini sauti ni ya mama.

"Baba, TV yangu imeganda. Panya wamekula waya huko darini, nawasikia. Unakuja saa ngapi?"

Nikamwambia nitakuja jioni nikitoka kazini.

"Jioni mbali," akasema. "Pita kwa yule mzee umchukue, mje sasa hivi. Leo kuna kikao cha Bunge."

Nikaomba ruhusa, nikapanda bodaboda.